Utamu wa Hotelini Uletwe Nyumbani

Je, umewahi kufika Mwigobero, mjini Musoma? Kama wewe hujafika, bila shaka jirani yako amefika. Mwigobero iko kando ya Ziwa Victoria. Hapo pana soko na mwalo. Mwalo ni mahali ambapo mitumbwi hutia nanga na kushusha samaki. Watu wa ng'ambo, kutoka Kinesi na vijiji vya Rorya, huvuka maji na kushukia Musoma. Wakulima huleta mihogo, viazi vitamu, nyanya, karanga na kuku. Wavuvi huleta sato, sangara na dagaa.

Ikifika saa sita mchana, njaa huuma. Wakati huo huo harufu nzuri husikika. Ni harufu ya sato anayekaangwa. Ni harufu ya vitunguu na nyanya. Mkulima ametoka kuuza mzigo wake. Fedha anazo mfukoni. Anaketi kwenye benchi na kuagiza ugali na samaki. Anakula, anashiba, anafuta mdomo. Kisha anarudi kijijini.

Nyumbani mkewe na watoto wamekula nini? Mara nyingi wamekula ugali na mboga ya maji na chumvi. Samaki, karanga na mayai yote yamekwenda sokoni. Chakula kizuri kimetoka nyumbani, kimekwenda mjini, na kimeliwa na mtu mmoja tu.

Jambo hilo ndilo nataka tulizungumze leo. Chakula kitamu kama cha hotelini kinaweza kupikwa nyumbani kwako. Hakihitaji jiko la umeme wala fedha nyingi. Kinahitaji maarifa, subira, na uamuzi wa kubakiza sehemu ya mazao yako.

HESABU YA SAHANI MOJA

Chukua kalamu na karatasi. Tufanye hesabu pamoja. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe andika bei za soko lako.

Tuseme sahani moja ya ugali na samaki hotelini ni shilingi 3,000. Nyumbani kwako mko watu 6. Kama wote mngekula hotelini, mngelipa 3,000 mara 6. Jibu ni shilingi 18,000.

Sasa tupige hesabu ya kupika nyumbani:

Dagaa wakavu, shilingi 2,000.
Nyanya na vitunguu, shilingi 1,000.
Karanga, shilingi 1,000.
Mafuta ya kupikia, shilingi 500.
Unga wa ugali, shilingi 1,500.

Jumla ni shilingi 6,000. Gawanya kwa watu 6. Kila mtu amekula kwa shilingi 1,000. Tena kama unga na karanga ni vya shamba lako, fedha utakayotoa mfukoni ni shilingi 3,500 tu.

Umeona? Kwa bei hizi, sahani mbili za hotelini ni sawa na chakula cha nyumba nzima.

Mimi siwapigi vita akina mama lishe. Kazi yao ni ya halali na ni ngumu. Huamka kabla ya jogoo, huwasha moto, huteka maji. Msafiri mwenye njaa lazima ale, na wao humsaidia. Lakini mtu anayekula hotelini kila siku ya soko, huku nyumbani hakuna mboga, huyo ajiulize mara mbili.

NAMI NILIKUWA HIVYO

Ndugu msomaji, sikufundishi kwa kukudharau. Nami nilikuwa hivyo.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kutembea vijijini. Zamani kila nilipopita Mwigobero nilikula samaki. Sikukosa. Jioni nilifika nyumbani nimeshiba. Siku moja mtoto wangu mdogo alinikumbatia, akasema, "Baba ananukia samaki." Wote walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni niliona aibu.

Siku nyingine nilimlaumu mke wangu. Nilimwambia, "Mboga yako haina ladha. Pale Mwigobero wanapika vizuri."

Alinijibu kwa upole, "Wao wanapika samaki. Wewe uliniletea samaki lini, mume wangu?"

Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mama mmoja ninayenunua chakula kwake. Nilimwomba anionyeshe namna anavyopika. Nilidhani kuna dawa fulani anatia ndani ya chungu.

Alicheka sana. Alisema, "Bwana shamba, hapa hakuna dawa. Ninyi mna haraka tu. Mnatia maji kabla kitunguu hakijaiva. Hapo mnakuwa mmechemsha, hamjapika."

Aliniweka kwenye kigoda kando ya jiko lake. Nilitazama asubuhi nzima. Haya ndiyo niliyojifunza.

SIRI NNE ZA JIKO LA HOTELI

Siri ya kwanza: kausha kabla ya kukaanga. Samaki mwenye maji akitiwa katika mafuta hurusha mafuta, hushika chini na huvunjika. Mfute kwa kitambaa safi. Viazi na mihogo navyo vikaushwe.

Siri ya pili: mafuta yawe moto kwanza. Mafuta yasiyo moto huingia ndani ya chakula. Chakula huwa kizito, na mafuta mengi hupotea. Chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti katika mafuta. Ukiona mapovu madogo yanauzunguka, mafuta yako tayari. Ukiona moshi, yamezidi. Punguza moto.

Siri ya tatu: usiharakishe kitunguu na nyanya. Kaanga kitunguu mpaka kibadilike rangi na kuwa kama asali. Ndipo utie nyanya. Pika nyanya mpaka ziive na kurojeka, na mafuta yaonekane pembeni. Hapo ndipo utie maji. Utamu wote wa mchuzi unatoka hapa. Haulipiwi hata senti moja. Ni subira tu.

Siri ya nne: kitu kichachu na kitu kibichi mwishoni. Ndimu moja, pilipili kidogo na kachumbari hufanya chakula cha kawaida kiwe cha sherehe. Mti mmoja wa ndimu nyuma ya nyumba utakutosha miaka mingi. Upande mwaka huu.

CHAKULA CHA KWANZA: ROSTI YA SATO MMOJA KWA WATU 6

Hotelini kila mtu hupewa samaki wake. Nyumbani sato mmoja mkubwa anatosha watu 6, kama utampika kwa mchuzi mzito.

Tafuta vitu hivi: sato mkubwa 1, vitunguu maji 2, nyanya 5, ndimu 1, kitunguu saumu punje 3, tangawizi kipande kidogo, chumvi, na mafuta kikombe 1. Mafuta mengine yatabaki.

Fanya hivi:

1. Paa magamba ya samaki. Toa matumbo na mashavu. Mwoshe kwa maji safi. Mkate vipande 5. Kichwa ni kipande cha 6. Usikitupe.

2. Paka chumvi na maji ya nusu ya ndimu. Acha kwa nusu saa. Kisha futa kila kipande kwa kitambaa safi.

3. Nyunyizia unga kidogo sana juu ya vipande. Unga wa mahindi unafaa. Unga huzuia samaki kushika chini.

4. Tumia sufuria ndogo, siyo kubwa. Katika sufuria ndogo mafuta kidogo huwa na kina. Kaanga vipande viwili viwili. Usigeuze mapema. Kipande kikiiva upande mmoja, huachia chenyewe. Geuza mara moja tu.

5. Vikishaiva vyote, mimina mafuta katika chombo, ukibakiza vijiko 3. Kaanga vitunguu taratibu. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa. Tia nyanya zilizokatwa. Koroga na subiri mpaka mafuta yaonekane pembeni.

6. Tia kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto. Mchuzi ukichemka, panga samaki ndani. Usikoroge tena, maana samaki atavunjika. Tikisa sufuria tu. Acha kwa dakika 10 katika moto mdogo.

7. Epua. Kamulia nusu ya ndimu iliyobaki.

Mafuta yaliyobaki yachuje kwa kitambaa na kuyafunika. Unaweza kuyatumia tena kukaangia samaki. Yakiwa meusi au yakinuka vibaya, yatupe.

Kama huna mafuta kabisa, usikate tamaa. Paka samaki chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Mchome juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto. Hotelini samaki wa kuchoma huuzwa bei kubwa. Kwako ni makaa tu.

CHAKULA CHA PILI: DAGAA WA KARANGA

Wako watu wanaosema dagaa ni chakula cha maskini. Hayo ni mawazo ya zamani. Dagaa huliwa mzima, na kichwa na mifupa yake. Kwa hiyo mtoto hupata vitu vya kujenga mwili na vya kuimarisha mifupa. Sato humpi mtoto mifupa yake. Dagaa unampa.

Ukinunua dagaa, uliza wameanikwa wapi. Dagaa walioanikwa juu ya chanja huwa safi. Walioanikwa chini huwa na mchanga. Dagaa wazuri hung'aa kama fedha na hawanuki uvundo.

Tafuta vitu hivi: dagaa wakavu vikombe 3, karanga kikombe 1, vitunguu 2, nyanya 4, mafuta vijiko 3, ndimu na chumvi.

Fanya hivi:

1. Chagua karanga. Tupa zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Karanga zenye ukungu huweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Usiwape hata kuku.

2. Kaanga karanga bila mafuta, zitoe maganda, zitwange mpaka ziwe laini.

3. Osha dagaa kwa maji ya vuguvugu. Mwaga maji, tia mengine. Rudia mpaka usione mchanga chini ya bakuli. Wachuje na wakauke.

4. Kaanga dagaa kwa mafuta hayo kidogo mpaka wawe wakavu na walie wanapokorogwa. Watoe, waweke kando.

5. Katika mafuta yaliyobaki kaanga vitunguu, kisha nyanya, kama tulivyojifunza.

6. Changanya karanga na vikombe 2 vya maji ya vuguvugu. Mimina katika sufuria. Koroga bila kuacha, maana karanga hushika chini upesi. Moto uwe mdogo. Pika kwa dakika 15.

7. Rudisha dagaa. Acha kwa dakika 5. Onja chumvi. Kamulia ndimu.

Mboga hii inafaa kwa ugali wa mtama, wa mhogo au wa mahindi. Pika na mchicha au majani ya kunde kando. Mboga za majani zisichemke mpaka zikapoteza rangi yake.

CHAKULA CHA TATU: CHIPSI ZA VIAZI VITAMU

Vijana wetu wakienda mjini hutaka chipsi. Viazi mviringo kwetu hununuliwa. Lakini viazi vitamu tunalima wenyewe. Kwa nini tusivifanye chipsi?

Vizuri zaidi ni viazi lishe. Hivi ndani vina rangi kama ya karoti. Vina vitamini A, ambayo hulinda macho ya watoto na kuwapa nguvu ya kupambana na magonjwa. Mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako wapi utapata mbegu.

Menya viazi. Vikate vipande vya unene wa kidole. Viloweke katika maji baridi kwa nusu saa. Vikaushe vizuri kwa kitambaa. Kaanga vichache vichache mpaka vilainike, kisha vitoe na uviache vipoe. Mafuta yakiwa moto tena, virudishe kwa muda mfupi mpaka vigande nje. Kukaanga mara mbili ndiko kunakofanya chipsi ziwe ngumu nje na laini ndani. Chumvi inyunyizwe mwishoni, siyo mwanzoni.

Watoto wakae mbali na mafuta ya moto. Mpini wa kikaango usielekee mahali wanapopita.

Kachumbari ni rahisi. Osha mikono na mboga kwa maji safi. Kata kitunguu vyembamba. Kioshe kwa chumvi na maji ili ukali upungue. Changanya na nyanya, ndimu na pilipili. Kachumbari iliwe siku ile ile.

MHOGO NI MZURI, LAKINI JIHADHARI

Mihogo nayo hufanywa chipsi. Tumia mihogo mitamu tu. Imenye, ichemshe bila kufunika, mwaga maji, ikaushe, ndipo uikaange. Ukionja na kukuta ni michungu, usiile.

Hapa nataka tusimame kidogo. Jambo hili lilitokea katika mkoa wetu wa Mara.

Mwaka 1985 kulikuwa na ukame mkali. Katika Wilaya ya Tarime mazao mengine yalikauka. Mhogo mchungu ulibaki. Mhogo mchungu una sumu, na wazee wetu walijua namna ya kuiondoa. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Lakini njaa haingoji. Watu walifupisha kazi. Walikula mhogo kabla sumu haijatoka.

Baadhi ya watu wakapata ugonjwa. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Hawezi kutembea kama zamani. Madaktari walichunguza wakakuta ni ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo limetoka Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Ugonjwa huu hushika zaidi watoto na akina mama. Miguu ikishaharibika hairudi kuwa kama ilivyokuwa.

Kwa nini nasimulia habari hii katika makala ya mapishi? Kwa sababu madaktari waligundua jambo la pili. Mwili wenyewe una uwezo wa kupambana na sumu ya mhogo. Lakini ili uweze, unahitaji vyakula vya kujenga mwili, kama samaki, dagaa, maharage, mayai na nyama. Mtu anayekula mhogo mtupu kila siku hana silaha hiyo.

Sasa fikiri. Sisi tuko kando ya ziwa. Tunauza dagaa wote na mayai yote. Nyumbani tunabakiza mhogo. Je, hiyo ni busara?

Kwa hiyo shika mambo mawili. La kwanza, usifupishe kazi ya mhogo mchungu. Umenye, uloweke mpaka ulainike kabisa, kwa kawaida siku 3 au zaidi. Au uuvundike mpaka ulainike, kisha uparue ukungu. Uvunjevunje, uanike juani mpaka ukauke kabisa. Ndipo utwange. La pili, ugali wa mhogo usiliwe mtupu. Uwe na dagaa, samaki au maharage pembeni.

BABA ANA KAZI YAKE

Wengine watasema mapishi ni kazi ya akina mama, nasi wanaume hayatuhusu. Sikubali.

Nani huamua samaki wangapi wauzwe na wangapi wabaki? Mara nyingi ni baba. Nani huenda sokoni na kurudi na fedha? Mara nyingi ni baba. Basi mama hawezi kupika rosti ya sato kama baba ameuza sato wote. Wala hawezi kupika dagaa wa karanga kama karanga zote zimepakiwa kwenye gunia la kuuza.

Ukivuna karanga, tenga debe la nyumbani kabla ya mnunuzi kufika. Ukivua samaki, mmoja aende jikoni. Kuku akitaga mayai 6, mawili yabaki kwa watoto. Fedha ya sahani ya hotelini uliyotaka kula leo, nunua nyanya, vitunguu na dagaa, ubebe nyumbani. Msafiri anaweza kufunga viazi vya kuchemsha na karanga, akala njiani bila kulipa.

Tena tusaidiane. Mimi sasa napaa samaki na kutwanga karanga. Majirani walinicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu mmoja alikuja kuniuliza kiasi cha ndimu.

NAMNA YA KUANDAA

Hotelini hukupa maji ya kunawa, sahani safi na chakula cha moto. Hata hayo ni sehemu ya utamu. Nyumbani fanya vivyo hivyo. Weka maji na sabuni. Osha vyombo na uvianike juu ya kichanja, mbali na kuku na mbwa. Ita wote wale pamoja chakula kingali cha moto.

Mtoto mdogo umpe chakula chake katika sahani yake. Akila sinia moja na wakubwa, wao hula upesi na yeye hubaki na njaa. Mpe na kipande chake cha samaki kilichotolewa miiba. Usimpe mchuzi peke yake. Mama mjamzito na anayenyonyesha naye apewe kipande kizuri. Zile mila za kumwachia baba minofu na watoto mchuzi, tuziache.

HATUKUANZA LEO

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1975. Mwaka huo nchi yetu ilikuwa na kampeni ya Chakula ni Uhai. Wananchi walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana habari za chakula bora. Wengi walikuwa ndio kwanza wamejua kusoma. Walichosoma walikifanya.

Nawe sasa unajua kusoma. Soma makala hii kwa sauti mbele ya jamaa zako. Kisha chagueni siku moja wiki hii. Siku hiyo pikeni chakula kimoja kati ya hivi vitatu.

Mimi nilianza na dagaa wa karanga. Watoto walimaliza, wakafuta sahani kwa ugali. Mke wangu aliniuliza, "Je, hii ina ladha ya Mwigobero?" Nilimwambia hapana, imezidi. Sikumdanganya. Mwigobero nilikuwa nakula peke yangu.

KUMBUKA

Kausha samaki kabla ya kumkaanga.
Mafuta yawe moto, lakini yasitoe moshi.
Kitunguu na nyanya viive kabla ya kutia maji.
Tupa karanga zenye ukungu.
Usifupishe kazi ya mhogo mchungu, wala usiule mtupu.
Tenga chakula cha nyumbani kabla ya kuuza.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chenu sahani moja ya chakula hotelini ni shilingi ngapi? Nyumbani kwako mko wangapi? Zidisha.

2. Andika bei za dagaa, nyanya, vitunguu na mafuta sokoni kwenu. Jumlisha. Gawanya kwa idadi ya watu wa nyumbani kwako.

3. Wiki iliyopita uliuza nini? Ulibakiza nini kwa ajili ya watoto?

4. Wazee wa hapa huondoaje sumu ya mhogo mchungu? Huchukua siku ngapi? Waulize, kisha andika majibu yao katika daftari lako.